Mkia wa mnyororo wa nanga mnaufunga kwa kitu gani? Yaliyonikuta mkondo wa Pemba

Baharia_Tanga

Wakuu salaam. Naomba hili jambo la mkia wa mnyororo, yaani ule mwisho unaobaki ndani ya boti, tulijadili kwa kirefu maana naona wengi tunaoendesha boti za matanga hatulitilii maanani, na mimi mwenyewe mpaka wiki tatu zilizopita nilikuwa naona mnyororo umelala kwenye stoo yake kule mbele, winchi ya kuvutia mnyororo imeukamata, nanga imekaa juu ya rola, kile kigurudumu cha puani mwa boti, na pini yake, basi nahesabu kazi imekwisha nang'oa zangu naondoka.

Boti yenyewe ni ya fiberi futi 38, ni ya bosi wangu ila mimi ndo naishi nayo na ndo naiendesha. Nanga kilo 20, mnyororo wa milimita 10 mita 60. Tulitoka Tanga saa tisa usiku kuelekea Wete, mimi na kijana mmoja, kusi, ule upepo wa kusini wa mwezi wa saba, mnalijua, tulipotoka kwenye kivuli cha visiwa tukakutana nalo lote. Boti ikawa inapanda wimbi inashuka kwa kishindo. Mida ya saa kumi na moja nikasikia kitu kinagonga mbele, tum, tum, nikadhani ni ndoo. Kumbe pini ya rola imetoka, nanga imeruka kwenye rola inaning'inia na kila wimbi inapiga ubavu wa boti. Nikamwambia kijana shika usukani, sijafika hata kwenye mlingoti klachi ya winchi, ile inayoshika gurudumu lake, ikaachia, mnyororo ukaanza kutoka, mlio wake kama tipa inamwaga kokoto na cheche zinaruka kwenye rola. Mita 60 sidhani kama zilichukua nusu dakika. Mwisho wake ukaja mshtuko mmoja boti nzima ikainamisha pua ikasimama.

Sasa mkondo wa Pemba pale katikati kina chake kinafika mita 800, hakuna nanga kushika kitu hapo, mnyororo wote umesimama wima chini ya pua ya boti. Nimekuja kupiga hesabu baadaye, mnyororo wa milimita 10 ni kama kilo 2.3 kwa mita, mita 60 ni kilo 138, ongeza nanga 20, kwenye maji chuma kinapungua kama asilimia 13 tu, kwa hiyo tulikuwa na karibu kilo 137 zinaning'inia na kila boti ikipanda wimbi zinavutwa kwa kishindo.

Nikafungua stoo na tochi. Mkia wa mnyororo ulikuwa umefungwa kwa shakeli, ile pingu ya chuma yenye pini ya kufungulia, kwenye pete, na pete imepigwa bolti kwenye ukuta wa plaiwudi. Ule ukuta ulikuwa umeshaanza kung'oka, bolti mbili zimetoka nusu, kila wimbi unasikia mbao inalia. Nikasema bora tuutupe huu mnyororo kuliko pua ipasuke, lakini niutupeje? Shakeli imevutwa mpaka pini haizunguki, ina kutu ya miaka, na iko chini ndani ya stoo ambako inabidi uingize kichwa na mabega boti ikiwa inaruka. Msumeno wa chuma ninao ila sikuthubutu. Yani nimefungwa na nanga yangu mwenyewe katikati ya maji marefu na siwezi kujifungua.

Tulichofanya tukashusha matanga yote, nikachukua kamba ya milimita 12 nikaizungusha kwenye mnyororo mara tatu upande wa mzigo halafu nikaipitisha juu yake nikaifunga, nikaipeleka nyuma kupitia roda, kigurudumu cha kupitishia kamba, mpaka kwenye winchi kubwa za tanga kule tezi, tunavuta mita nne, tunashikilia kwa kamba ya pili, tunafungua ya kwanza, tunarudi mbele, tunaanza upya. Ilituchukua masaa mawili na nusu. Mikono ya yule kijana ilichubuka yote lakini hakuacha hata mara moja, namshukuru sana.

Sasa maswali yangu wakuu. Moja, mkia unatakiwa ufungwe kwa chuma au kwa kamba, au usifungwe kabisa? Pili, mkiwa safarini nanga mnaizuia na nini zaidi ya pini? Naomba wenye uzoefu waseme bila kunificha, kama kuna uzembe wangu niambieni.

FundiBoti255

Pole sana mkuu, mshukuru Mungu mmetoka salama. Kwa upande wangu kosa la kwanza ni pini na klachi, sio mkia, maana nanga ingekuwa imefungwa vizuri juu hata usingejua kama mkia una shakeli. Hapo kwenye mkia mimi naweka shakeli lakini shakeli ya maana, na nyuma ya ukuta unaweka bamba la chuma au ubao mgumu mkubwa ili bolti zising'oke. Kamba kwenye stoo ya mnyororo inaoza kaka, kule ndani kuna chumvi, kuna tope, kuna joto, na mnyororo wenyewe unaisugua kila siku. Nimeshatoa kamba kwenye stoo za watu unaivuta kwa vidole inakatika kama mkate. Chuma kwa chuma ndo usalama.

NahodhaKilifi

Hapo fundi sikubaliani na wewe kabisa, na nasema hivi kwa sababu imenitokea. Mimi nafanya kazi na boti za kukodi huku Kilifi, kriki yetu imetulia sana watu wanalala miezi, lakini kuna usiku mmoja wa kaskazi mvua na upepo vilishuka pamoja, boti ya jirani iliyokuwa upande upepo unatoka ikaanza kuburuta nanga ikaja moja kwa moja kwangu. Ikapita juu ya mnyororo wangu ikauzoa na nanga yake, sasa tumefungana mbili na nyuma yetu ni mawe. Mimi niliutoa mnyororo wote, mkia wangu ulikuwa wa kamba ukatokea juu, nikafunga boya, nikapitisha kisu, nikawasha mashini nikaondoka. Dakika mbili. Asubuhi tukarudi na kijana wa kuzamia tukauchukua wote na nanga yake. Ningekuwa na shakeli chini kwenye stoo sai tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Sababu ya mkia kuwa kamba ni hiyo tu, kwamba kisu kinaikata hata ikiwa na mzigo, tena ikiwa na mzigo ndio inakatika haraka zaidi. Shakeli ikivutwa haifunguki. Na kamba lazima iwe ndefu, sio ile futi moja, itoke kwenye pete kule chini ipande kwenye bomba linaloingiza mnyororo stoo mpaka ipite winchi na ifike kwenye rola, ukate ukiwa umesimama juu na sio umeingiza kichwa stoo. Kuoza dawa yake ni kuibadilisha. Kamba ya mita tatu ni bei gani bro?

Baharia_Tanga

Dada asante sana hii imeniingia. Swali, hio kamba unatumia unene gani na inaungwa vipi kwenye pingili ya mwisho? Nauliza kwa sababu nikiweka fundo kubwa nahisi halitapita kwenye bomba wala kwenye meno ya winchi.

NahodhaKilifi

Kwa mnyororo wa milimita 10 mimi natumia nailoni ya nyuzi tatu milimita 12, inaingia vizuri kwenye pingili. Ikiwa mpya inakatika kwenye kama tani tatu hivi, lakini ukiipiga fundo hesabu umepoteza theluthi mpaka nusu, ndio maana kwenye pingili natafuta mtu anayejua kusuka kamba aisuke yenyewe kwa yenyewe, inakuwa laini haina donge na nguvu haipotei sana. Wazee wa mashua wanasuka vizuri kuliko mimi, mtafute mmoja hapo Tanga. Upande wa chini kwenye pete zungusha mara kadhaa ndio ufunge, ili mzigo ugawanyike. Usitumie ile kamba ya plastiki ya rangi ya bluu inayoelea, jua linaila na inateleza mafundo.

MzeeWaAmari

Vijana hamjambo. Nimesoma maneno yenu nikaona niingie, ingawa mimi ni mtu wa mashua na majahazi, hizo za fiberi nimezipanda kwa kualikwa tu.

Nataka nimwambie Baharia wa Tanga kwamba hili si jambo jipya. Sisi chombo chetu nanga yake ilikuwa ya makucha manne na haikuwa na mnyororo, ilikuwa na amari, kamba nene, zamani ya makumbi, halafu ikaja ya nailoni. Kazi ya kwanza nahodha aliyonifundisha nikiwa mtoto wa chomboni ni kuutazama mwisho wa amari kabla nanga haijatupwa. Aliniuliza, mwisho uko wapi? Nikamwonyesha mkononi. Akanizaba kibao. Mwisho wa amari hufungwa kwenye mti wa chombo, chini ya mlingoti au kwenye taruma, ubavu wa chombo, iliyo imara, haushikwi mkononi wala haufungwi kwenye ubao wa kupigiliwa misumari. Na pale ulipofungwa paliachwa wazi, hapawekwi mzigo juu yake, mchele wala chokaa, ili usiku ukihitaji kukata uende na panga moja kwa moja bila kupapasa.

Kwa hiyo fundi ana haki katika kusema ukuta wa plaiwudi hautoshi, na binti wa Kilifi ana haki katika kusema kamba. Mambo mawili hayo hayagombani. Pahala pa kufungia pawe imara kama mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na kile kinachofunga kiwe cha kukatika kwa kisu.

FundiBoti255

Shikamoo mzee. Hapo nimekuelewa, nakubali, pete imara na kamba juu yake. Nilikuwa natazama upande wa kung'oka tu sikutazama upande wa kuachia.

MzeeWaAmari

Marahaba mwanangu.

Injinia_Sohar

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Oman kwenye meli za mizigo, nimeona uzi huu nikaona niongeze cha huku maana kanuni ni ile ile. Kwenye meli mnyororo unahesabiwa kwa vipande vya mita 27.5, na mkia wa mwisho umeshikwa na pini kubwa kwenye ukuta wa stoo ya mnyororo, lakini ile pini inatolewa UKIWA NJE ya stoo, kwa nyundo au kwa mkono wake maalum. Hakuna anayetakiwa aingie ndani mnyororo ukiwa unakimbia. Kwa hiyo hata sisi wenye vyuma vya tani nyingi mkia umetengenezwa uweze kuachiwa. Kamba yenu na pini yetu ni kitu kimoja.

La pili ambalo ndugu wa Tanga sijaona umeligusa, winchi. Winchi ni mashini ya kupandisha na kushusha, sio ya kushikilia. Meli ikishatia nanga mzigo unapelekwa kwenye stopa, kile chuma kinachoziba pingili, winchi inapumzika. Ukiacha upepo na mawimbi vivute winchi usiku kucha unaua shafti, unaua giaboksi, na breki au klachi inakuwa imeshachoka siku ukiihitaji. Nina hakika klachi yako haikuachia siku hiyo tu, ilikuwa imeliwa taratibu kwa miezi yote uliyolala nayo nanga imetiwa.

Baharia_Tanga

Injinia umenigusa penyewe. Ni kweli kabisa, tukitia nanga mimi nakaza klachi nalala, sina stopa wala sina kamba ya kupokea mzigo. Nilipofungua winchi baada ya safari ile nimekuta zile koni za klachi zimeng'aa kama kioo, hazishiki.

NahodhaKilifi

Nunua nailoni hiyo hiyo ya milimita 12, urefu kama mita nane mpaka kumi, hii ndio kamba ya kupokea. Ukishatia nanga na ikashika, unaifunga kwenye mnyororo kwa lile fundo ulilotumia kule mkondoni au kwa ndoano ya mnyororo, upande wa pili unaufunga kwenye zile pembe za chuma za kufungia kamba pale mbele, halafu unaendelea kushusha mnyororo mpaka ulegee unaning'inia kama tumbo na kamba ndio imekaza. Mnyororo hauvutiki, ukifika mwisho wake ni kishindo, nailoni inanyooka inarudi, wimbi likipiga boti inavutwa taratibu. Utalala usingizi, zile kelele za mnyororo kukwaruza mawe hazitakuwepo. Pale inapopita kwenye rola au ukingo wa boti ivalishe kipande cha mpira wa maji isisagike. Nailoni tu, sio polista, polista hainyooki vya kutosha.

Halafu bado unatakiwa ufunge na mnyororo wenyewe nyuma ya ile kamba, kwenye pembe au stopa, kwa sababu kamba ikikatika usiku mzigo usirudi kwa winchi.

Mzamiaji_Unguja

Assalaam alaykum. Mie kazi yangu kuzamia huku Unguja, na moja ya mambo ninayoitiwa sana ni nanga za watu zilizopotea, mbele ya Mji Mkongwe, Nungwi, Kizimkazi, kote. Nataka niwaambie jambo moja ambalo pengine nyinyi mlio juu hamlioni.

Nikiupata mnyororo chini huwa naufuata mpaka mkiani, na ule mkia unanieleza kisa chote kabla mwenye boti hajafungua mdomo. Mara nyingi wallahi mkia ni pingili tupu, safi, haina hata alama ya kamba. Yaani haukufungwa kabisa. Mtu kanunua mnyororo mpya kautia stooni kwa haraka, kasema nitafunga kesho, siku ya kwanza kaenda pahala pana kina kauachia ukakimbia wote ukamwishia. Mara nyingine nakuta kipande cha kamba nyembamba kama ya kufungia mbuzi, imekatika nyuzi zimetawanyika, hiyo imevutwa. Na mara moja moja nakuta kamba nzuri imekatwa sawasawa kwa kisu na boya limefungwa, huyo najua ni baharia, na mnyororo wake naupata siku hiyo hiyo kwa sababu boya liko juu linanisubiri.

Kwa hiyo mie naomba, ukikata kata na boya. Kamba ya boya iwe ndefu kupita kina cha maji kikijaa, tena usisahau bamvua, yale maji makubwa kuliko siku nyingine. Na ubonyeze jipiesi ihifadhi mahali pale pale ulipo, sio ukishafika gati ndio unakumbuka "ilikuwa hapa hapa karibu na ule mwamba". Maji yakiwa na mkondo na mchanga, nanga inazama mchangani siku chache tu sioni kitu.

Baharia_Tanga

Mzamiaji ahsante, boya nilikuwa sina kabisa hapo mbele, nimeshaweka dumu la lita tano lenye kamba yake pembeni ya stoo.

Wakuu leo nimetoa mnyororo wote nje nimeulaza gatini nikaosha, naomba niwaambie nilichokuta maana pengine na nyinyi mkifungua mtakuta hivyo hivyo. Kwanza kitundu cha kutolea maji cha stoo kimeziba kwa tope gumu, maji yalikuwa yanasimama humo, ndio maana shakeli na pingili kama mita mbili za mkiani zimeliwa na kutu kuliko hata zile za upande wa nanga. Pili, mnyororo ukiingia unajijenga kama kichuguu chini ya bomba, ukifika juu unaziba, na boti ikilala upande kile kichuguu kinaanguka, pingili za juu zinaingia chini ya zile nyingine. Nadhani hiyo ndo sababu mara nyingine nikishusha nanga unakwama nalazimika kwenda kuufungua kwa mkono. Tatu, lile bomba linaloingiza mnyororo ndani lilikuwa wazi, kila wimbi lililokuja juu mbele lilikuwa linaingia stoo na kwenda ngamani, chini kabisa ya boti, kumbe lile pampu lililokuwa linafanya kazi usiku kucha maji yake yalikuwa yanatoka hapa.

Hicho kichuguu mnakifanyaje?

FundiBoti255

Ukivuta, mtu mmoja awe na fimbo anakiangusha kidogo kidogo, fimbo tu mkono hapana. Kama stoo ina kina cha kutosha chini ya bomba hakikusumbui sana, wenye stoo fupi ndo wanapata taabu. Bomba likiwa safarini ziba, kitambaa kilichojazwa mafuta ya mgando au kifuniko chenye mkato wa pingili moja, au toa nanga kabisa kama ni safari ndefu uifunge ndani.

Halafu nikuulize, mnyororo na winchi vilinunuliwa pamoja? Nauliza kwa sababu milimita 10 zipo za aina mbili, kuna ambayo pingili zake zina hatua, yaani urefu wa ndani wa pingili, ya milimita 28 na nyingine 30, kwa macho huwezi kutofautisha. Gurudumu la winchi la moja halikubali ya pili vizuri, unakaa mnyororo unaruka meno, na ukiruka ukiwa na mzigo ndo unakimbia wenyewe. Pima pingili kumi kwa pamoja usipime moja.

Baharia_Tanga

Nimepima mkuu. Pingili kumi zimekuja milimita 300, na gurudumu la winchi limeandikwa linataka la 28. Kwa hiyo muda wote nilikuwa naendesha mnyororo usio wa winchi hii. Aliyebadilisha mnyororo kabla yangu hakuangalia, na mimi niliyepokea sikuuliza. Bosi nimemwambia, ameagiza gurudumu jingine maana ni rahisi kuliko mnyororo mzima.

KijanaWaMsasani

Samahani wakuu mi bado najifunza, nina boti ndogo ya futi 26. Kama mkia umefungwa vizuri na mnyororo wa mita 40 huwa natoa 20 tu, huo mkia si kama haunihusu?

NahodhaKilifi

Unakuhusu sana mdogo wangu, nikupe hesabu utaona. Umefika pahala maji yamekupwa, kina mita 6, unasema natoa 20 inatosha. Usiku yanajaa, huku kwetu na huko kwenu bamvua linaongeza mita tatu na nusu mpaka nne. Kina sasa ni 9 na nusu. Ongeza kimo cha pua ya boti juu ya maji, tuseme mita moja, ni 10 na nusu. Mnyororo mara tano ya hapo, ambayo ndio watu wengi wanatumia kwa upepo wa kawaida, unataka mita 52. Wewe una 40 zote, na 20 ulizotoa hazifiki hata mara mbili, yaani mnyororo unavutwa juu na nanga inang'olewa. Hapo usiku wa manane upepo umeingia utatoka na tochi utoe wote uliobaki, na ni gizani, kwa haraka, ndio watu wanaachia mpaka mwisho. Piga rangi kila mita 10, rangi tofauti, hata ile mikanda ya plastiki inatosha, ujue umetoa ngapi bila kukisia.

MzeeWaAmari

Na mimi nimwongezee huyu kijana wa Msasani. Mnyororo ukikimbia, uache ukimbie. Nimemwona kwa macho yangu mtu mwenye nguvu zake akitaka kuushika kwa mguu, amevaa kikoi, kikoi kikaingia kwenye pingili. Tulimfikisha hospitali lakini vidole vitatu vya mguu vilibaki baharini. Mnyororo unanunuliwa. Kabla ya kutia nanga vaa viatu, kunja nguo, simama nyuma ya winchi na sio mbele yake, wala usisimame katikati ya kamba zilizolala. Kisu kiwe kimefungwa mbele pale pale na kamba yake, kisitumike kukatia samaki.

Injinia_Sohar

Mzee kasema kweli. Na wale wenye winchi za umeme, washa mashini ya boti kabla ya kuvuta, winchi ya wati 1000 kwenye volti 12 inakula ampea zaidi ya 80, betri peke yake inachoka na winchi inapata joto. Tena isogeze boti mbele kwa mashini mnyororo ulegee ndo uvute, winchi isiburuze boti. Ukimaliza zima swichi kuu yake, nimesikia visa vya mtu kukanyaga kitufe nanga ikashuka boti ikiwa kwenye mwendo.

Baharia_Tanga

Wakuu nimerudi na mrejesho wa mwisho, nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya kazi.

Ukuta wa stoo fundi mmoja wa hapa Tanga ameushona upya kwa fiberi, nyuma ameweka bamba, pete mpya imepita pande zote mbili. Gurudumu la winchi limefika na koni za klachi zimebadilishwa. Mnyororo nimeugeuza, uliokuwa mkiani wenye kutu nimekata mita mbili na nusu nimetupa, sasa upande uliokuwa nje ndo uko ndani. Kamba ya mkia kanisukia mzee mmoja wa mashua pale soko la samaki, kaifanya kwa mikono dakika ishirini akakataa pesa akachukua soda. Kwenye rola, mbali na pini, sasa nina kamba ya milimita 8 inayopita kwenye nanga na kufungwa kwenye pembe zote mbili za mbele kama herufi V, na safarini mnyororo naufunga kwa kamba fupi kwenye pembe ili winchi isibebe kitu. Pini nimeifunga uzi wake isitoke.

Jana maji yalikuwa shwari kabisa, nikatoka na yule yule kijana mpaka pahala pana mchanga, kina mita 8, nikamwambia leo tunatoa wote mpaka mwisho, taratibu, kwa klachi, nione. Mita 10, 20, 30, rangi zinapita moja moja. Ilipoisha nyekundu ya 50 nilikaa kimya. Pingili ya mwisho ikapanda kwenye bomba, ikapita winchi bila kukwama, ikatoka kwenye rola, na nyuma yake ile kamba nyeupe ikakaza pale pale mbele yangu, kama nusu mita ndani ya rola. Kijana akatoa kisu kwenye ala akauweka ubapa juu ya kamba, hakukata, alitaka tu kuona kama mkono unafika amesimama wima. Unafika.

Tukafunga kamba ya kupokea, tukapika chai, tukakaa hapo mpaka maji yalipoanza kupwa.

MzeeWaAmari

Huyo mzee wa soko la samaki, mkia wa kamba kauzungusha uzi mwishoni ili usifumuke au kauchoma?

Baharia_Tanga

Kauzungusha uzi mzee.

MzeeWaAmari

Vyema. Mwezi wa kumi na mbili uutazame tena.